Nani Atawamba Kitanda cha Tsuma

Siku hizi mtu akitaka kitanda huenda dukani, akaonyeshwa godoro lililovikwa nailoni, akalibonyeza kidogo kama achaguaye tikiti maji, akalibeba. Sina ugomvi naye. Ila mimi nikilala juu ya magodoro hayo, mgongo hunilaumu hadi alfajiri, nami huujibu kwamba si kosa langu, waliojua kutengeneza vitanda wamekwisha.

Kwetu Likoni, ukipanda kutoka kivukoni na kukunja kushoto, palikuwa na karakana ya vitanda. Ilikuwa ya babangu, Fundi Mwinyihaji, na kabla yake ilikuwa ya babake. Banda la makuti lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na uani katikati. Kule bandani wanaume walipasua mbao na kukereza matendegu, yaani miguu ya kitanda. Uani wanawake tulisokota kamba za makumbi ya nazi, na umbo la kitanda likishaletwa, tuliliwamba: tulizipitisha kamba huku na huku, tukazivuta, tukazikaza hata mtu akazipiga kwa kiganja zikalia. Bila bandani hapakuwa na kitanda, na bila uani pia hapakuwa na kitanda. Mabibi harusi wengi wa Likoni, Mtongwe na hata ng'ambo mjini walilazwa juu ya kazi ya nyumba yetu, na mamangu, Dhahabu, kila alipoona watoto wa watu wanapita njiani alicheka na kusema wale nao ni kazi yetu.

Mimi ni Mwanasaumu. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimeolewa Mtongwe na nimeachwa Mtongwe, nimerudi kwetu na kasha langu la nguo, nawamba vitanda vya harusi za wenzangu. Nilikuwa na ulimi mkali enzi hizo, na sikuona sababu ya kuupunguza.

Tsuma alikuja mwaka wa hamsini na nane, kabla ya mvua za masika. Alikuwa mtu mzima, amepita miaka thelathini, mrefu, mabega mapana, na amejiegemeza kwenye gongo la mti chini ya kwapa. Alipiga hodi, akamwamkia Baba, akasema gongo lake limelegea pale juu, anaomba likazwe. Baba alilichukua, akaligeuza, akatazama kile kipande cha juu kilivyoingizwa kwenye mti. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Kilikuwa kimechongwa ulimi, ulimi ukaingia tunduni.

Baba alimuuliza ni fundi gani aliyemtengenezea. Tsuma akasema amejitengenezea mwenyewe, kwa kisu, alipokuwa amelala na mguu uliovunjika. Akaeleza kwamba alikuwa mkwezi wa minazi huko Kisauni, kuanzia Utange hadi Mjambere, na kwamba alianguka. Baba akampigia kabari ndogo, gongo likakaza, akamrudishia na kumwambia aende kwa amani. Lakini Tsuma hakwenda. Alisimama pale akitazama randa inavyotoa nyuzi za mbao, hata Baba akaona haya kwa niaba yake.

"Wataka nini tena, bwana?"

"Nataka kujifunza kazi hii."

"Nani amekuleta?"

"Nimejileta mwenyewe, Fundi."

Hilo lilikuwa jawabu baya, na kila mtu bandani alilijua. Kwetu mwanafunzi hakujileta. Aliletwa na babake au mjomba wake, na sahani ya halua na kipande cha ubani, akakabidhiwa mbele ya watu, ili akikosea pawe na wa kuitwa. Tena waliletwa watoto wa miaka kumi, si mtu mwenye ndevu. Baba akaanza kumkatalia kwa maneno mazuri, kama ilivyokuwa desturi yake. Ndipo sauti ya Mama ikatoka nyuma ya pazia la mlango wa uani.

"Mwache akae, Mwinyihaji. Mtu aliyechonga ulimi kwa kisu akiwa kitandani, akipewa patasi atafanya nini?"

Baba hakuwa mtu wa kubishana na pazia. Tsuma akakaa.

Alipewa chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea mbao, akaanza na kazi za watoto: kufagia, kunoa, kuchemsha gundi, kuvuta kamba ya keezo wakati Baba anakereza. Aliyemtangulia kazini alikuwa ndugu yangu mdogo, Faki, ambaye masharubu yake yalikuwa yakihesabika. Tsuma alimwita Fundi Faki bila hata kutabasamu, na Faki, kwa siku za mwanzo, akatembea kifua mbele kama jogoo aliyepewa ua peke yake.

Shida ya Tsuma ilikuwa mikono. Ilikuwa mikono ya kukwea, haikujua kushika kitu kwa ulegevu. Aliukamata ubao kwa nguvu zote, akazibana patasi hata mipini ikapasuka, na alipoizungusha keekee kutoboa tundu, mbao zilichanika. Baba alimwendea siku moja, akamfungua vidole kimoja kimoja. "Ubao hauendi popote, Tsuma," akamwambia. "Uko chini tayari, na wewe uko chini." Sisi tuliokuwa uani tulicheka. Tsuma hakucheka, lakini kuanzia siku ile alikuwa akijiangalia vidole, na pole pole vikajua.

Niliona jambo jingine ambalo wanaume hawakuliona, kwa sababu wanaume bandani hutazama mbao tu. Tsuma hakuwa akitazama juu. Likoni ile ilikuwa minazi mitupu, lakini alipita chini yake macho yakiwa kwenye vidole vya miguu. Wakwezi walipokuja kuangua nazi za jirani, wakaanza kupigiana kelele huko juu na kuimba, yeye alichukua randa akasugua ubao ambao ulikwisha sugulika, kwa kishindo, hadi wakashuka. Nilimhurumia, na nikajikasirikia kwa kumhurumia, maana nilikuwa nimeapa nisimhurumie mwanamume yeyote mwaka ule.

Miaka ile ilikuwa mizuri, mkitaka kujua. Kazi ilikuwa nyingi. Bandani kulinuka mvule mbichi na kahawa, na barazani kwetu wazee walikaa jioni wakibishana kama Pwani iwe na serikali yake au iende na Bara, bendera gani ipandishwe na ipi ishushwe. Baba aliwaambia kuwa bendera yoyote ikipanda watu watalala, na wakilala watataka kitanda. Kisha akarudi kazini. Namwona mpaka leo, miguu imebana ubao, vumbi la mbao kwenye nyusi. Natamani ningemtazama zaidi nilipokuwa naye.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaishia, Baba akampa Tsuma mbao za mvule na kumwambia atengeneze kitanda chake cha kwanza.

Hapa lazima nieleze ada ya karakana yetu, kwa sababu mambo yote yalikwama hapo. Sijui kama mafundi wengine waliifuata. Aliiweka babu yetu. Kitanda cha kwanza cha mwanafunzi hakikuuzwa. Kilikuwa chake, na alilazimika kukilalia, ili ajue mwenyewe panapouma. Na hakikuwambwa na sisi wa uani. Kiliwambwa na mwanamke wa nyumbani kwake, mamake au dadake au mkewe, aliyekuja siku hiyo akakaa uani kwetu na kuzivuta kamba kwa mikono yake. Kamba zikikazwa hivyo, umbo lililounganishwa vibaya huguna, kisha hupinda, hata kama lilionekana zuri limesimama ukutani. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi ilipimwa na mtu wake mwenyewe. Kitanda kikiwambwa bila kuguna, Baba humfunga mwanafunzi kilemba, na kuanzia hapo ni fundi. Kabla ya hapo, hata awe na mikono ya dhahabu, ni mwanafunzi.

Tsuma alimaliza umbo lake kabla ya mwezi wa Ramadhani. Lilikuwa zuri, nasema kweli mimi niliyeona mengi. Matendegu yalikerezwa yakasimama sawasawa, mifumbati, zile mbao mbili ndefu za ubavuni, haikuwa na hata mkwaruzo. Baba alizunguka akiligusa huku na huku, asipate kasoro, akaguna tu mwenyewe. Kisha akamuuliza ni nani atakayekuja kuwamba.

Tsuma akasema mkewe yuaja.

Ramadhani ikaja, ikaisha. Idi ikapita. Umbo la Tsuma likawa limeegemezwa ukutani, tupu, mahali ambapo kila mteja aliliona. Watu wa Likoni si watu wa kunyamaza. Mmoja alimuuliza kama kitanda hicho ni cha kulalia au cha kuchungulia. Mwingine akamwambia huko Kisauni huenda wanalala hewani. Tsuma alijibu kila mtu kwamba mkewe yuaja, na kila alipolisema lilikuwa jepesi zaidi, hata likawa kama salamu tu. Vijana walioanza baada yake walileta mama zao, wakafungwa vilemba. Yeye aliendelea kunoa patasi.

Siku moja, Baba akiwa ng'ambo mjini, akachukua kamba akaanza kuwamba mwenyewe. Mwanamume wa kwetu hawambi, lakini si hilo lililokuwa baya. Lililokuwa baya ni kwamba hakujua. Kamba zilipishana ovyo, mahali zimekaza, mahali zimelegea, na katikati pakaning'inia kama wavu uliotupwa. Mama akatoka uani, akasimama, akatazama. Aliketi chini, akazifungua zote kuanzia mwisho hadi mwanzo, akazikunja, akarudi nazo ndani. Tsuma alikaa pale na mikono yake mikubwa juu ya magoti, na mimi nikaondoka kwa sababu sikutaka kuona uso wa mtu mzima ulivyo wakati ule.

Jioni ile ndipo alipomwambia Baba ukweli. Baba akamwambia Mama, na Mama, ambaye alikwisha kuyajua yote zamani kwa mwanamke mmoja wa Utange aliyeuza mchicha kivukoni, akasikiliza kama anayesikia mara ya kwanza.

Mkewe aliitwa Jumwa. Tsuma alipoanguka, Jumwa alimuuguza, akasuka makuti akauza, akalima, akabeba maji, akambeba na yeye. Mguu ukaunga, ukapinda, lakini ukaunga. Tsuma hakuinuka. Alikaa mlangoni siku nenda siku rudi akiwatukana wakwezi wengine, kwamba hawajui kukwea, kwamba wanaharibu minazi. Akiletewa kazi ya chini anasema yeye si mtu wa chini. Mwaka mzima. Mwisho Jumwa akamwambia, "Mguu wako haukufa, Tsuma. Ni wewe uliyekufa, na mimi sijafunzwa kuishi na maiti." Akachukua vyombo vyake akarudi kwa mamake. Tsuma naye akachukua gongo lake, akavuka hadi Likoni, ambako hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona juu ya mnazi. Wala hakumpelekea Jumwa habari yoyote tangu siku hiyo.

Baba aliona huruma. Alimwambia Mama awambe tu kitanda cha watu, mambo yaishe, mtu apate kilemba chake. Faki naye akadakia kwamba kile cha Awadh, mwanafunzi mwenzake, kiliwambwa na Mama mwenyewe, na hakuna aliyelia.

"Mamake Awadh yuko Lamu," Mama akasema. "Mke wa Tsuma yuko Utange. Kuna feri, kuna basi, na Tsuma ana miguu, mmoja mzima na mmoja nusu. Mimi sitii mkono wangu pale."

Mimi sikupenda hata kidogo, na nilisema. Nilisema mwanamke aliyeondoka ana haki ya kuachwa alikokwenda, asifuatwe na mbao. Nilikuwa upande wa Jumwa kabla sijamwona. Nilimwambia Mama kwamba mwanamke huyo atamcheka, tena ningekuwa mimi ningemcheka. Mama akaniambia kwamba kwa kuwa ninayajua sana mambo ya Jumwa, niandamane na Tsuma hadi Utange, mimi na Faki, nikamwonyeshe fundo la kuanzia la karakana yetu.

Tukaenda. Kitanda cha aina ile hufunguka chote, hakina msumari wala gundi, kwa hiyo Faki alibeba mifumbati, Tsuma akabeba matendegu begani, mimi nikabeba kamba kichwani. Tulivuka kwa feri, tukapanda basi mjini, tukapita lile daraja la Nyali lililoelea juu ya maji, tukashuka Kisauni, na kutoka hapo tukatembea. Gongo alikwisha liacha zamani, lakini alichechemea. Kadiri tulivyokaribia Utange ndivyo watu walivyoanza kumtambua. Wengine walimwita kwa jina. Mzee mmoja akauliza kwa furaha kama amerudi kukwea. Tsuma aliitikia salamu huku akitazama chini, na hatua zake zikawa fupi, nikadhani atageuka.

Jumwa alikuwa ameketi uani pa mamake akishona makuti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye mikono iliyokauka kwa kazi. Alituona tukiingia, akaona matendegu begani kwa mumewe, akaendelea kushona. Mamake, Sidi, alitukaribisha, akatuletea maji, akatuuliza habari za huko tulikotoka, kama kwamba ni wageni wa kila wiki. Tsuma hakuketi. Alitua mzigo, akaanza kukiunga kitanda pale pale katikati ya ua, Faki akimshikia. Kila ulimi uliingia tunduni kwa pigo moja la nyundo ya mti. Watoto wakajaa. Majirani nao wakapata sababu za kupita.

Alipomaliza alisimama upande wa pili wa kitanda.

"Jumwa, nimetengeneza kitanda. Hakina wa kukiwamba."

"Huko Likoni hakuna wanawake?"

"Wako. Lakini hiki ni changu mimi."

Jumwa alilitia kuti lake fundo la mwisho, akaliweka juu ya mengine. Alinawa mikono. Akanijia mimi, si yeye, akanyoosha mkono nimpe kamba. Nilimwonyesha fundo la kuanzia mara moja tu. Akaketi chini, akaukanyaga mfumbati kwa nyayo zote mbili, akajitupa nyuma na kuvuta.

Nimewamba vitanda maisha yangu yote, na sijaona kamba zikivutwa hivyo. Alivuta kwa hasira za miaka yote ile. Na kila alipovuta alisema. Alimwambia habari za maji aliyobeba, na za siku alizowadanganya watu kwamba mumewe yuaendelea vizuri, na za siku aliyotoka, alivyotembea pole pole akitarajia kuitwa, asiitwe. Alimwambia kwamba habari kuwa yu hai alizipata kwa muuza mchicha. Hakupaza sauti. Tsuma alisimama akazisikia zote. Mimi masikio yangu yalikuwa kwenye kitanda. Nilikuwa nikingoja kigune. Nakiri, mwanzoni nilitamani kigune, ili mwanamke yule apate sababu. Alipofika katikati, kamba zimekuwa ngumu kama fito na viganja vyake vimechubuka, nikajikuta naomba Mungu kisigune.

Hakikuguna. Alifunga fundo la mwisho, akakipiga kwa kiganja, kikalia, na umbo likawa limesimama sawa na lilivyosimama asubuhi.

Tsuma akajipangusa uso. Akasema kwamba atatafuta mkokoteni, maana kitanda kikishawambwa hakifunguki tena, wakipeleke Likoni wote pamoja, Fundi amempa chumba, ni kidogo lakini hakivuji.

Jumwa alikuwa bado ameketi chini. Alimtazama kutoka pale.

"Mimi sikwenda mbali, Tsuma. Nilikwenda kwa mamangu, na kutoka hapa naenda kuufagia mlango wa nyumba yetu kila Ijumaa. Wewe ndiye uliyevuka maji mara mbili. Sikungoja uje kunichukua. Nilingoja urudi."

Polepole, Tsuma akainua uso. Nilimwona akitazama juu, mnazi mmoja, kisha wa pili, yote aliyokuwa akiijua mmoja mmoja.

"Hapa wananijua mkwezi," akasema.

"Basi wakujue fundi."

Akanigeukia mimi na kuuliza, kwa sauti ya chini, Fundi atasema nini. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Lakini nilikuwa mtoto wa karakana ile, na babu aliyeweka ada ile alikuwa babu yangu. Nikavua kitambaa cha Faki kichwani, Faki akashangaa, nikampa Jumwa, nikamwambia amfunge yeye, kwa sababu kitanda kimewambwa na mtu wa nyumbani kwake na hakikuguna. Jumwa alilazimika kusimama juu ya kinu kwa ufupi wake. Alimfunga vibaya, kilemba kikaangukia sikioni, na Sidi akacheka hadi akajifuta machozi. Tsuma aliketi juu ya kitanda chake na mkewe akaketi ubavuni.

Baba tulipomweleza aliuliza tu kama kiliguna. Faki akasema hakikuguna. Wiki ile ile Baba akampelekea Tsuma patasi zake na keekee, na juu yake randa moja iliyokuwa ya babu.

Tsuma alifungua banda lake Utange, chini ya minazi ile ile, na Jumwa akawa uani wake. Mwaka wa Uhuru, watu walipokuwa wakikata fito za bendera, yeye alikuwa na vitanda vya harusi hadi mwezi wa pili. Alizeeka hapo. Waliokuwa wakimwita mkwezi walikufa au wakasahau, na wajukuu wao walimwita Fundi bila kujua kwamba aliwahi kuitwa vingine. Karakana yetu ya Likoni ilifungwa kabla ya yake.

Lakini nikimkumbuka Tsuma, sikumbuki hayo kwanza. Nakumbuka tulivyorudi siku ile, mimi na Faki, mikono mitupu. Basi lilipofika darajani nilianza kulia. Faki alidhani nimechoka, kisha akadhani nimefurahi kwa ajili yao, akanunua karanga akanipa, maskini. Nilikuwa nimefurahi. Lakini nilichokuwa nikililia ni Mtongwe, ambako si mbali na kwetu, hata feri ya kuvuka hakuna. Mwanamume mmoja alivuka maji mara mbili kwa mguu mbovu akiwa na matendegu begani. Wangu alikuwa na miguu miwili mizima, na hakuwahi kuja hata na ubao mmoja.